Ngozi ya Mvukuto

Jumatatu asubuhi, zikiwa zimesalia siku kumi mtihani wake wa mwisho ufanyike, Nelly alikaa mbele ya kinanda, akavua viatu, akabonyeza sauti ya kwanza. Kinanda kikakohoa.

Baba yake, Ngowa, alikuwa nyuma ya ukumbi akigongomea mguu wa kiti. Alikisikia kikohozi kile kabla hajainua kichwa. Alikuwa amekitunza kinanda kile cha mabomba kwa miaka kumi na miwili, na alizijua sauti zake jinsi mzazi anavyojua vilio vya mtoto wake: hiki cha njaa, hiki cha usingizi, hiki cha deko tu. Hiki cha leo hakuwahi kukisikia.

"Bonyeza tena," alisema.

Nelly akabonyeza. Mabomba makubwa, yale marefu kuliko mlango, yalianza vizuri, kisha sauti ikateleza chini, ikafifia, ikawa kama ya mzee aliyesahau alilotaka kusema. Nyuma ya ukuta wa mbao hewa ilisikika ikivuja kama tairi lililochomwa na mwiba.

"Kimeshikwa na mafua," alisema Joram kutoka mlangoni. Joram alikuwa bawabu wa ukumbi ule wa mazoezi wa chuo, mzee mwembamba wa Matsangoni aliyekaa kwenye kiti kimoja muda mrefu hata kiti kikachukua umbo lake. Alitaka kumchekesha Nelly, na siku nyingine angefaulu. Leo Nelly hakucheka.

Ngowa aliweka nyundo chini, akafungua kijimlango cha nyuma ya kinanda, akaingia kwa kutambaa. Humo ndani, chini ya mabomba, ndimo ulimolala mvukuto: sanduku pana kama kitanda cha watu wawili, lenye mbavu za mbao zilizounganishwa kwa ngozi. Feni ya umeme huujaza hewa, ukapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na hewa hiyo ndiyo inayoyapa mabomba sauti. Bila mvukuto kinanda ni kabati tu.

Aliwasha tochi. Kwenye pembe zote nne ngozi ilikuwa imegugunwa. Tundu moja liliweza kupitisha ngumi. Vinyesi vya panya vilitapakaa kama mbegu za mtama, na juu ya yote ilitanda harufu moja nzito iliyoanza kuchacha, harufu aliyoijua tangu hajaanza kutembea. Mafuta ya nazi.

Ngowa alikaa pale gizani kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alikuwa ameshaelewa. Panya hawakugusa ngozi ya katikati. Walikula pembeni tu, pale alipopaka yeye mwenyewe, na alipopaka zaidi ndipo walipokula zaidi.

Kile kinanda kilikuja kwa meli, vipande vipande ndani ya masanduku, kutoka kanisa la Ulaya lililokosa waumini. Mzee mmoja Mholanzi alikuja kukiunga, na chuo kikampa Ngowa, seremala wake, awe msaidizi. Miezi miwili walifanya kazi kwa ishara za mikono. Mholanzi alipoondoka aliacha mkebe wa marhamu ya kupaka ngozi isikauke. Mkebe ulipokwisha, Ngowa aliomba mwingine kwa barua, akaomba tena, akaomba mara ya tatu, na kila mara aliambiwa kwamba jambo lake linashughulikiwa. Kiangazi kilichopita ngozi ilianza kupasuka nyufa. Akaona asikae akiitazama ikifa.

Baba yake alikuwa fundi wa ngoma huko Vitengeni. Ngoma ikikauka alipasha moto mafuta ya nazi, akaipaka pembezoni kwa kidole gumba mpaka ngozi ikarudi kuwa laini. Ngowa alifanya vivyo hivyo, alasiri moja ya mwezi wa pili, na ngozi ikalainika, na kinanda kikapumua vizuri kuliko mwanzo. Wanafunzi walitania kwamba ukumbi unanukia kama nyumba ya bibi harusi. Alijisikia fundi kamili siku ile.

Sasa, akiwa amepiga magoti kwenye vinyesi vya panya, alikumbuka kile ambacho hakuwahi kukitia maanani. Baba yake, akishamaliza kupaka, aliitundika ngoma darini juu ya meko, penye moshi. Moshi ndio uliofukuza panya. Ngowa alichukua mafuta, akasahau moshi.

*

Kabla ya saa nne habari zilikuwa zimefika ofisini. Mwalimu Thuku, aliyemfundisha Nelly kinanda kwa miaka minne, alikuja mbio na chaki mkononi. Nyuma yake alikuja Bi Zipporah, afisa wa wafanyakazi na vifaa, mwanamke nadhifu aliyetembea na daftari kifuani kama ngao.

Mwalimu Thuku alitaka kujua jambo moja tu, kama kitapona kabla ya mtahini kutoka Nairobi kuja. Nelly ndiye mwanafunzi pekee mwaka ule aliyesomea kinanda kile, na mtihani wake haukuweza kufanywa kwa chombo kingine. Ngowa alisema kitapona. Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Bi Zipporah alitaka kujua jambo lingine. Panya hawaji mahali bure, alisema, hufuata chakula. Akauliza ni nani anayekula humu ndani.

Alizunguka ukumbi, akafika kwenye kiti cha Joram, akainama, na kwa ncha ya kalamu akavuta kutoka chini yake kipande cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na makombo ya mahamri na mbaazi tatu zilizokauka.

"Haya ni ya nani?"

"Yangu," alisema Joram. "Ni kifungua kinywa changu, mama. Nimekatazwa kuuacha mlango, na mlango hauwezi kunifuata hotelini."

Wanafunzi wawili waliokuwa wakichungulia dirishani walicheka. Bi Zipporah hakucheka. Aliagiza iletwe bahasha, akayatia makombo yale ndani, akaandika tarehe juu yake. Joram aliitazama bahasha ikifungwa kwa gundi, akavua kofia, akaivaa tena, kana kwamba hakujua mkono wake ufanye nini.

Ngowa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Alifungua mdomo. Kisha akamwona Nelly, amekaa kwenye benchi la kinanda bila viatu, vidole vyake vikibonyeza sauti zisizotoka, akifanya mazoezi kimyakimya. Akaufunga mdomo.

*

Walikaa Kibaoni, vyumba viwili vya kupanga vyenye ua wa pamoja. Jioni ile Nelly alipokwenda kuoga, Ngowa alimweleza mkewe Kadii kila kitu, kwa sauti ya chini, huku Kadii akikuna nazi. Mbuzi ya kukunia ilisimama.

Alimuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Ngowa akasema ni Joram. Siku ile ya kupaka ni Joram aliyemshikia bakuli la mafuta.

"Atasema?"

"Sijui."

Kadii aliangalia mlango wa bafuni, maji yakisikika. Halafu akaeleza hesabu yake, na Ngowa hakuweza kuipinga, kwa sababu alikuwa ameshaifanya mwenyewe njia nzima. Watoto wa wafanyakazi walisoma bila ada, ila kwa sharti moja lililoandikwa kwenye mkataba: mzazi asiwe na doa kwenye faili. Mzazi akipatikana na kosa la kuharibu mali ya chuo, msamaha unafutwa, na mwanafunzi hafanyi mtihani wala hapati cheti mpaka ada ya mwaka mzima ilipwe. Fedha hizo hawakuwa nazo, na hawakuwa na mtu wa kumwomba.

"Joram watoto wake wameshaoa," alisema Kadii. "Ana minazi yake. Sisi tuna huyu."

"Joram amebakiza miezi mitano astaafu, Kadii. Wakimfukuza sasa hapati kitu."

"Sikusema ni haki, Baba Nelly. Nimesema tuna huyu." Akarudi kukuna, na nazi ikaanguka ndani ya sufuria nyeupe na laini, na harufu yake ikamjia Ngowa puani mpaka akalazimika kutoka uani.

*

Kamati ya nidhamu ilikaa Alhamisi. Meza ilikuwa ndefu na viti vya wajumbe vilikuwa na mito. Cha Joram hakikuwa na mto. Bahasha ya makombo iliwekwa katikati ya meza kwenye sahani ya chai, kana kwamba wajumbe wangeyaonja.

Walimuuliza Joram kama ni kweli alikula ukumbini. Alisema ni kweli, kwa miaka kumi na mmoja. Walimuuliza kama alijua kanuni inayokataza chakula ukumbini. Alisema anaijua, ndiyo iliyobandikwa mlangoni juu ya kichwa chake. Mjumbe mmoja alimuuliza kama anajua thamani ya kile kinanda. Joram akasema thamani yake haijui, ila anajua kipande anachokipiga yule binti saa kumi jioni, kile kirefu, na ameshajua kinapokaribia kwisha kwa jinsi hewa inavyovutwa. Mjumbe yule alitabasamu, akaandika kitu.

Kisha wakamwita Ngowa, shahidi. Bi Zipporah ndiye aliyeuliza.

"Fundi Ngowa, umewahi kumwona Joram akila ndani ya ukumbi?"

"Ndiyo."

"Mara nyingi?"

"Kila asubuhi."

"Na panya wameharibu ngozi ya mvukuto, umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

Bi Zipporah aliandika. Halafu akainua uso, na kwa sauti ya mtu anayefunga duka akauliza, "Una la kuongeza?"

Joram aligeuka kumtazama. Hayakuwa macho ya hasira, wala hayakuomba. Yalikuwa macho ya mtu aliyesimama kando ya barabara, ameona gari la jamaa yake linakuja, na anangoja lipunguze mwendo.

"Sina," alisema Ngowa.

Ilichukua dakika chache tu baada ya hapo. Joram alipewa karatasi, akatia sahihi yake polepole, herufi moja moja, akavua kitambulisho shingoni na kukiweka kando ya ile sahani. Alipompita Ngowa kwenye ujia alisimama. Ngowa akajiandaa kwa lolote.

"Fundi," alisema Joram, "dirisha la pili upande wa kusini komeo lake halishiki. Mvua ikija na upepo maji yanaingia mpaka kwenye mabomba madogo. Mimi nilikuwa naliegemeza kwa kiti."

Akaenda zake.

*

Kaka yake Ngowa alituma ngozi mbili za mbuzi kutoka Vitengeni. Ngozi ya ngoma ni nene mno kwa mvukuto, kwa hiyo ilibidi ikwanguliwe mpaka mtu aweze kuona kivuli cha vidole vyake upande wa pili. Ngowa na Kadii waliikwangua kwa vipande vya chupa uani kwao, siku tatu mfululizo, majirani wakiuliza kama kuna ngoma ya matanga. Nelly alitaka kusaidia. Walimwambia atunze mikono yake.

Mikono yenyewe aliitunza, ila alibadilika. Alikuwa binti wa kusimulia: nani kamkosea nani darasani, Mwalimu Thuku kasahau miwani wapi. Wiki ile alikula akanyamaza. Siku moja aliuliza ni nani anayekaa mlangoni siku hizi. Ngowa akasema wameleta kijana wa kampuni ya ulinzi. Nelly akasema kijana yule anasikiliza simu yake kwa vidude vya masikioni mazoezi yakiendelea. Akanyanyuka na sahani yake kabla haijaisha.

Kufikia Jumatano pembe tatu zilikuwa zimeshika. Ya nne, ile yenye tundu la kupitisha ngumi, ilikataa. Gundi haikukauka kwa sababu ya mvua, na kila feni ilipowashwa kiraka kiliinuka ukingoni kama mdomo. Mwalimu Thuku aliuliza kama wamwombe mtahini aahirishe. Nelly akasema mtahini akiondoka hatarudi mwaka huu. Wote watatu walijua ni kweli.

"Nitakishika," alisema Ngowa.

"Utashika nini?"

"Kiraka. Nitakaa ndani nikishike kwa mkono mpaka umalize."

*

Kipande kile kilikuwa cha dakika kumi na nane. Ngowa aliingia kwa kijimlango na Kadii nyuma yake, maana kiraka cha pembe ya tatu nacho kilikuwa kimeanza kuachia asubuhi ile. Walijilaza ubavuni, miguu imekunjwa, kila mmoja na pembe yake, na Mwalimu Thuku akafunga mlango kwa nje ili mtahini asione chochote cha kumkera.

Ndani mlikuwa na giza na joto la tanuri. Feni ilipowaka mvukuto ulipanda polepole, mzito, ukakaza ngozi chini ya viganja vyao. Kisha Nelly akaanza.

Ngowa alikuwa amekisikia kipande kile mara mia kutoka ukumbini. Hakuwahi kukisikia kwa ngozi. Kila Nelly alipobonyeza, hewa iliondoka chini ya mkono wake. Kila alipopumzika, ilirudi. Alijua lini binti yake amesitasita na lini amejikaza, kabla ya sauti kutoka. Katikati, mabomba makubwa yalipoitwa yote pamoja, mvukuto ulishuka kwa nguvu, kiraka kikamtoka kiganjani, na mlio wa kuvuja ukaanza. Alijitupa juu yake kwa kifua. Gundi mbichi ilipenya shati, ikamshika. Upande wa pili alimsikia Kadii akihema huku ameuma meno. Mkewe alikuwa na umri wa miaka arubaini na tisa na alikuwa na maumivu ya mgongo, na hakuachia.

Jasho lilimwingia Ngowa machoni. Alifumba macho, na ndani ya macho yaliyofumbwa akaona kile kiti mlangoni. Kipande kilikaribia kwisha. Aliitambua ile pumzi ndefu inayovutwa kabla ya mwisho. Joram alisema ameshaijua. Kumbe ilikuwa kweli, inasikika, mtu akitaka kuisikia.

Walipofunguliwa, Kadii hakuweza kunyoosha miguu. Mwalimu Thuku alikuwa akilia bila kuficha. Mtahini, bwana mmoja mpole, alikuwa ameshakwenda kunywa chai. Kabla ya kuondoka alikuwa amesema binti amefaulu vizuri sana, na kwamba ni jambo la kupendeza kukuta chombo kama kile kimetunzwa hivyo Pwani.

*

Siku ya pili yake, Ijumaa, Ngowa alivaa shati lake la kanisani akaenda ofisini kwa Bi Zipporah. Alikuwa amejiambia kwamba akisubiri mtihani upite hakuna aliyeumia sana, kwamba jambo la kuchelewa siku nane linaweza kurudishwa. Alisimama mbele ya meza akasema yote: mafuta, mwezi wa pili, pembe nne, moshi aliousahau.

Bi Zipporah alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza kwa nini hakutumia marhamu inayotakiwa. Ngowa akasema ilikwisha, naye aliomba mara tatu.

"Kwa nani?"

"Kwako, mama. Barua zipo."

Bi Zipporah alisawazisha karatasi ambazo zilikuwa zimeshasawazika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa juu yake na watoto nyumbani, na aliona mara moja mahali ambapo njia ile ingemfikisha.

"Mzee Ngowa," alisema taratibu, "faili limefungwa. Mhusika amekiri na ametia sahihi. Wewe umechoka. Nenda nyumbani ukapumzike, mpongeze binti yako."

"Lakini si yeye."

"Mimi sijasikia kitu," alisema Bi Zipporah, na akainua simu ambayo haikuwa imelia.

*

Jumamosi alikwenda Matsangoni na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Alimkuta Joram nyuma ya nyumba, ameketi chini, akishona makuti. Rundo la yaliyoshonwa lilikuwa dogo. Vidole vyake havikuwa na uzoefu, na viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee Joram."

"Marahaba." Hakuacha kushona. "Alipiga?"

"Alipiga."

"Ule mwisho?"

"Ule mwisho pia. Amefaulu."

Joram akatikisa kichwa taratibu, akaonekana kufurahi kwa muda mfupi, furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Ngowa kuliko matusi. Akaanza kusema. Joram akamnyanyulia mkono.

"Nililishika bakuli mimi, fundi. Huna la kunieleza."

"Mbona hukusema?"

"Mimi niliulizwa kama nilikula mahamri. Nikajibu nilichoulizwa. Wewe ndiye uliyeulizwa kama una la kuongeza." Alivuta uzi, ukakatika, akaufunga tena. "Nilisema moyoni, huyu atasema. Tulipotoka nikasimama kwenye ujia, nikakwambia habari ya dirisha. Nilikuwa nakupa nafasi. Nilikuwa sijui tena nikupe kwa namna gani."

Ngowa alisema kwamba jana amekwenda, amesema, hawakutaka kusikia. Alisema ni kwa ajili ya Nelly. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, na yalikuwa ya kweli, na hayakutosha.

"Najua ni kwa ajili yake," alisema Joram. "Nami nampenda yule mtoto. Lakini hukuniuliza, Ngowa. Ungekuja hapa siku ile ile, ukaniambia, Joram, nibebee hili mpaka Alhamisi ya mtihani, pengine ningekubali. Ukaona bora unitupe tu." Aliuangalia mfuko wa sukari. "Hiyo rudi nayo."

Ngowa alisimama na mfuko wake. Alikuwa ameshageuka kuondoka Joram aliposema tena, bila kumtazama.

"Ya mdomo hawayataki, yanapita. Mimi walinipa karatasi nikatia sahihi. Nawe tia."

*

Ngowa alijua kusoma, lakini kuandika kwake kulikuwa kwa seremala: vipimo, majina ya mbao. Jumapili baada ya chakula alimwita Nelly mezani. Kadii alikaa kitandani, mlango ukiwa wazi, mgongo umefungwa leso. Usiku mzima alikuwa amesema, na alikuwa amemaliza.

"Nataka uniandikie barua," alisema Ngowa. "Ya kwenda kwa msajili mwenyewe, nakala kwa chama cha wafanyakazi. Na nyingine ya Mzee Joram akae nayo."

Alimweleza kwanza barua hiyo itafanya nini. Matokeo yalikuwa hayajapitishwa. Baraza la chuo lingekaa baada ya wiki tatu. Faili la baba likiingia doa kabla ya hapo, msamaha wa ada ungefutwa na cheti kingezuiwa, pengine mwaka, pengine zaidi. Alisema kama hataki ataelewa, atamtafuta mtu mwingine wa kuandika.

Nelly alichukua kalamu. "Anza," alisema.

Akaanza. Nelly aliandika kwa mwandiko wake wa duara, akisimama kuuliza alipohitaji. Mafuta gani? Ya nazi. Mwezi gani? Wa pili. Nani alikuwepo?

"Joram. Alinishikia bakuli."

Kalamu ikasimama. Nelly hakuinua kichwa. "Niliisikia harufu," alisema. "Siku ile ile ulipofungua kijimlango. Nilijua si mahamri, baba. Nikasema nikinyamaza nitamaliza, kisha nitauliza." Akanyoosha karatasi. "Nimekaa mwaka mzima nikimpigia yeye kila jioni. Yeye ndiye tu aliyekuwa akisikiliza."

Kitandani Kadii aligeukia ukutani.

"Endelea," alisema Nelly.

"Andika: Siku ya kamati niliulizwa kama nina la kuongeza."

Aliandika. "Ukajibu nini?"

"Andika: Nikasema sina."

Aliliandika neno lile. Kisha akamsomea barua yote tangu juu, polepole, na alipofika hapo hakuharakisha. Ngowa alilisikia neno lake likirudi kwake kwa sauti ya mtoto wake. Akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye nakala zote tatu, herufi moja moja, kama alivyomwona Joram akifanya.

Alidhani wamemaliza. Nelly akazivuta karatasi upande wake, na chini kabisa ya kila moja akaandika mstari wake mwenyewe, bila kuambiwa: kwamba barua hii imeandikwa na binti wa mtajwa, Nelly Ngowa, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Halafu akaongeza nambari yake ya usajili, tarakimu zote, kwa uwazi, wasije wakahangaika kutafuta ni cheti cha nani cha kuzuia.